Kazidisha kwa 1.15 na kikokotoo cha simu! Huyu wa rola aache magari ya zamani

KaburetaTatu: Wakuu, huyu wa mashine ya rola, ile inayopima nguvu ya gari kwenye magurudumu, mnamjua wote, sina haja ya kumtaja. Leo Jaguar E-Type ya lita 3.8 imetoa nguvu za farasi 171 kwenye magurudumu. Jamaa kachomoa simu, kafungua kikokotoo, kazidisha kwa 1.15 kufidia nguvu inayopotea kati ya injini na tairi, katangaza mbele ya watu: "197. Kitabu kinasema 265. Injini imekufa hii." Kikokotoo cha simu! Rola zenye uzito wa kifaru ziko pale chini, hesabu inafanywa kwa kidole gumba!

Upotevu hauotewi, unapimwa. Ukifika kilele cha mizunguko kanyaga klachi, acha gia ndani, rola zipungue mwendo zenyewe. Mashine inasoma msuguano wa tairi, difu na shafti, unajumlisha. Hata dakika mbili haziishi! Yeye kashazima, kashika simu. Tena kavuta kwa gia ya tatu, wakati kwenye giaboksi ile gia ya nne ndiyo 1:1, shafti inazunguka sawa na injini. Na hiyo 265 ni ya injini iliyopimwa uchi kwenye stendi, haijawahi kufika kwenye tairi tangu 1961. 1.15! Kwa simu!

DifuKavu: Na hesabu yenyewe kakosea. Kama kinachopotea ni asilimia 15, 171 unaigawa kwa 0.85, unapata 201. Farasi wanne kawala kwenye simu.

TaaYaTaimingi: Mleta mada, punguza kelele. Taimingi ya cheche ilikaguliwa kabla gari halijapanda? Mchanganyiko wa hewa na petroli ulisomaje kwenye mzigo kamili? Chini ya 12 za hewa kwa petroli moja, petroli inamwagika bure, juu ya 13.5 unatafuta kutoboa pistoni. Kabureta tatu za SU zilikuwa zinavuta sawa? Hujaandika hata kimoja, unalilia simu tu.

KaburetaTatu: 12.6, na kabureta zimesawazishwa. Lakini SIMU, mkuu!

Mlalo6: Afadhali huyo anayepunguza. Kuna yule mwingine anayeweka kipimajoto cha hewa nyuma ya redieta. Kikisoma nyuzi 50 huku injini inavuta hewa ya 25, masahihisho ya joto la hewa yanaongeza namba karibu asilimia 5. Watu wanaondoka wanachekelea karatasi.

TairiMoto: Mikanda ya kufungia gari juu ya rola je? Ikikazwa mno tairi inabonyea juu ya rola, nguvu inaishia kuwa joto. Ikilegea tairi inateleza, mchoro unakuwa meno ya msumeno. Vuta mara tatu, mikanda ile ile, upepo ule ule wa tairi. Majibu yasipokaribiana, chana karatasi.

V8Kongwe: Hasira zangu mimi ni kwa wauza Corvette. Injini yake ya LT-1 ya 1971 imeandikwa farasi 330, ya 1972 imeandikwa 255, basi wanadai ya pili imehasiwa. Mgandamizo ni 9:1 zote mbili! Sehemu kubwa ni kwamba Marekani walibadili kupima: injini ikavalishwa feni, kichujio cha hewa na sailensa kama inavyokaa kwenye gari.

DifuKavu: Na wanaochanganya farasi wa Kijerumani na wa Kiingereza? Kilowati 100 ni 136 kwa Mjerumani, 134 kwa Mwingereza. Tangazo moja, namba mbili!

TaaYaTaimingi: Huo uzi upo, ulifungwa kwa matusi.