RIPv1, RIPv2 au OSPF kwa Kisumu, Kericho na Nakuru?

waya_kondele: Wadau, ruta tatu kuukuu za Cisco. Kisumu ina 10.20.8.0/24 hadi 10.20.15.0/24 (namba baada ya mkwaju ni maski, yaani biti ngapi za anwani ni za mtandao), Nakuru 10.40.1.0/24, Kericho katikati ina 172.16.3.0/24. Viungo ni 192.168.5.0/30 na 192.168.6.0/30. Zote ziko RIPv1, itifaki ya zamani ya ruta kupeana njia. Kericho inafika Kisumu kwa bahati nasibu, Kisumu haioni Nakuru kabisa. Nirekebishe ama nihamie RIPv2 au OSPF, itifaki nyingine za njia?

subneti58: Hama. RIPv1 haibebi maski kwenye tangazo. Njia ikitoka 10 kuingia 192.168, inakatwa hadi darasa lake (la 10 ni /8): Kisumu inatangaza 10.0.0.0/8, Nakuru nayo hiyo hiyo. Piga `show ip route` pale Kericho, utakuta 10.0.0.0 ina milango miwili, yote `[120/1]`, yaani kipaumbele cha RIP na hatua moja, sawa kabisa. Pakiti zinagawanywa huku na huku, zingine zinaenda mji usio wake. Na 10.40.1.0 haiwezi kufika Kisumu, kwa sababu Nakuru haijawahi kuitaja.

njia_ya_mau: Kurekebisha kunawezekana: weka anwani ya `secondary` (ya pili) ya mtandao wa 10 kwenye viungo, tuseme 10.99.5.1 na 10.99.5.2, ili 10 isikatike njiani. Maski iwe /24 huko pia. Ukiweka /30, RIPv1 haitapitisha zile /24. Lakini hicho ni kiraka. RIPv2 ni mistari mitatu:

`router rip`
`version 2`
`no auto-summary`

Ukiacha ule wa mwisho, maski itabebwa kweli, ila itakuwa ya /8! Badilisha ruta zote kwa mkupuo mmoja. Iliyo `version 2` haisikilizi matangazo ya v1.

waya_kondele: Na OSPF? Halafu zile subneti nane za Kisumu nazifupisha vipi ziwe tangazo moja?

subneti58: OSPF hugawa mtandao kwa maeneo, na hufupisha kwenye ruta ya mpakani mwake, kwa `area range`. Ruta tatu ndani ya eneo 0 hazina mpaka wowote, kwa hiyo kwa kufupisha tu hujafaidi kitu.

Nane: 256 toa 8 ni 248, maski 255.255.248.0, yaani /21. Inakubali kwa kuwa ya kwanza, 10.20.8.0, ina 8 inayogawanyika kwa idadi yake, 8. Zingekuwa 10.20.10.0 hadi 10.20.17.0, ungelazimika kutangaza tatu: 10.20.10.0/23, 10.20.12.0/22 na 10.20.16.0/23. Kwenye intafesi inayoelekea Kericho:

`ip summary-address rip 10.20.8.0 255.255.248.0`

njia_ya_mau: Ongeza `ip route 10.20.8.0 255.255.248.0 Null0` hapo Kisumu; Null0 ni shimo la kutupia pakiti. EIGRP (itifaki nyingine, ya Cisco) na OSPF hujiwekea, RIP haiweki. Bila hiyo, subneti moja ikizimika na Kisumu ina njia ya msingi (`default`, ya kila kisichojulikana) kuelekea Kericho, pakiti zake zitazunguka kati ya ruta hizo mbili hadi TTL (idadi ya hatua pakiti inazoruhusiwa) iishe.

waya_kondele: Tukiongeza 10.20.16.0/24 Kisumu, nipanue iwe /20?

subneti58: Hapana, 10.20.0.0/20 inaishia 10.20.15. Kuifikia 10.20.16 utahitaji /19, ambayo inameza 10.20.0 hadi 10.20.31. Iache itangazwe peke yake kama /24.