MREJESHO: Kuhama T1 kwenda D1 kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla)

Wakuu, niliuliza hapa jinsi ya kuihamisha nyumba ya watu wawili inayokatwa T1 (bei ya umeme ya matumizi ya kawaida) ilhali matumizi hayafiki uniti 75 kwa mwezi, yaani ya D1 (bei nafuu ya watumiaji wadogo). Asanteni sana, hasa mkuu aliyesema nianze na risiti. Gawanya gharama ya umeme kabla ya kodi kwa idadi ya uniti: ikija 292 uko T1, ikija 100 uko D1. Nikapeleka TANESCO barua, namba ya mita na risiti za nyuma, nimehamishwa. Sasa uniti 75 ni sh 9,150 pamoja na VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati); kwa T1 zilikuwa sh 26,718.

Kilichogoma: kodi ya jengo, sh 1,500, bado inakatwa manunuzi ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo andaeni 10,650. Na ukivuka 75, kila uniti ya ziada ni sh 350 kabla ya kodi, ghali kuliko T1 yenyewe! Friji ndiyo inayovusha. Mpira wa mlango ulilegea, ukibana karatasi mlangoni inachomoka bila kuvuta kwa nguvu. Mpira mpya umesaidia, ila miezi ya joto bado nagusa 80.

Mnaochangia mita na wapangaji, njia hii ni ngumu: uniti za wote zinahesabiwa pamoja.