Daktari kijana apelekwe pembezoni kwa lazima?

Mwalimu wa Historia, Mbeya: Ndugu zangu, kamwene, ugonile. Mimi nasema daktari mpya apangiwe kijijini miaka 3, hiari isiwepo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, madaktari vijana ndiyo kwanza wametoka chuo waliingia jeshi la majini la Kaskazini, wakakaa melini miezi na miezi kuizingira pwani ya Kusini, majimbo yaliyoshikilia utumwa. Juni 1862 kombora lilitoboa tangi la mvuke la meli Mound City, kwenye mto kule Arkansas. Walikufa zaidi ya 100, wengi wamebabuka kwa mvuke. Madaktari wa enzi zile hata vijidudu hawakuvijua, na walihudumia. Wa kwetu akipangiwa Kyela kwenye mbu, anaomba uhamisho hata begi hajalifungua.

Binti Kyela: Kyela kwenye mbu? Huo mchele unaokula hapo Mbeya unalimwa wapi, mwalimu? Lami inafika mpaka Kasumulu, mpakani na Malawi. Tuombe radhi kwanza, ndipo tujadili.

Mkinga: Pembezoni ni Ludewa, mwambao wa Ziwa Nyasa, kule Lupingu, mgonjwa anangoja boti na ziwa limechafuka.

Binti Kyela: Wewe Mkinga nyamaza, mna hospitali ya Ikonda, watu wanatoka Dar kuja kutibiwa kwenu.

Mkinga: Ludewa siyo Makete iliko Ikonda! Kasome ramani.

Daktari, Iringa: Hilo la begi limeniuma, mwalimu. Mimi begi nililifungua. Zahanati ya kando ya ziwa, usiku wa kwanza nimezalisha kwa tochi ya simu, mama akavuja damu, na dawa ya kuizuia ilikuwa imekwisha. Alipona kwa sababu mkunga mzee alijua kukanda tumbo la uzazi, mimi mikono inatetemeka. Sikuomba uhamisho. Niliomba dawa.

Sasa huyo daktari wako wa meli: kwinini, dawa ya malaria, alikuwa nayo, mabaharia waliopanda mito walinyweshwa imechanganywa na wiski wasipate homa. Meli za shehena ziliwafuata na nyama mbichi, mboga, hata barafu. Waliokosa kwinini ni Kusini, maana meli hizohizo za kivita za Kaskazini zilizuia isiingie. Ikawa inapitishwa kwa magendo.

Mwalimu wa Historia, Mbeya: Kwa hiyo daktari unawaonea huruma wenye watumwa?

Daktari, Iringa: Mwalimu! Mtumwa wa Kusini naye aliugua malaria bila kwinini. Na kama ni watumwa, uwataje wanawake weusi waliouguza kwenye Red Rover, meli ya hospitali ya mto Mississippi. Ann Bradford Stokes alitoka utumwani, akauguza humo tangu 1863. Hao huwataji, unataja makombora tu.

Mwalimu wa Historia, Mbeya: Nimeuliza swali, usinifundishe somo langu.

Mkinga: Mwalimu, wewe mwenyewe umewahi kupangiwa wapi?

Mwalimu wa Historia, Mbeya: Tukuyu. Miaka 11.

Binti Kyela: Tukuyu kwenye ndizi na mvua! Hapo ndipo ulipoteseka?

Daktari, Iringa: Dada yangu, mwache. Mwalimu, shikamoo. Leta hiyo miaka 3 yako nitaiunga mkono, ila boti ya dawa itangulie kufika kabla ya daktari.

Binti Kyela: Na radhi yangu?