Simu yangu si ndafu ya kuzungushwa kwenye sinia

Kitochi wa Rau (mleta uzi)

Wakuu, salamu nitazitoa siku nyingine, kwa sababu ninaandika nikiwa bado nimevaa lile shati la njano na hasira imenipanda hadi utosini. Nimeketi kwenye steshenari moja karibu na mnara wa saa, ambayo kwa bahati hufunguliwa hata Jumapili jioni, na kijana wa zamu ananitoza kwa nusu saa, kwa hiyo naomba nisikatizwe.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja, kwa maana kila kundi la marafiki hapa Moshi lina mmoja wa aina hiyo, lakini huyu wetu ndiye babu yao. Ana simu mbili, chaja ya akiba inaning'inia shingoni, na hawezi kumega kitumbua kabla ya kukipiga picha. Akipiga chafya Majengo, mtu aliyeko Dodoma anampa pole kabla hajafuta pua.

Leo ilikuwa sherehe ya kipaimara cha mtoto wa rafiki yetu. Taarifa zote, yaani ukumbi, saa na rangi ya sare, ziliwekwa kwenye kundi la WhatsApp ambalo mimi simo. Niliwahi kuingizwa kwenye kundi jingine kupitia simu ya mpwa wangu, nikaamka nikakuta maua ya "Asubuhi njema" ya kutosha kupamba harusi za mkoa mzima, nikamrudishia mtoto wa watu simu yake siku hiyo hiyo. Mimi nina kitochi. Kinapiga, kinapokea, kinamulika, na umeme ukikatika sihangaiki kuomba chaji kwa jirani.

Basi nikafika ukumbini nimevaa njano na kukuta watu wote, hadi mtoto wa kubebwa mgongoni, wamevaa zambarau. Hilo ningelivumilia. Lakini yule mnayemjua, ambaye alikuwa mshereheshaji kwa kujiteua mwenyewe, aliniona kutoka jukwaani, akashuka na kipaza sauti na kuniomba simu akidai ana dharura. Nikampa, kwa ustaarabu nilioufundishwa na wazazi wangu. Akaiweka kwenye sinia. Ni sinia lililotoka kubeba ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, wakuu, lenye mafuta yaliyoganda na jani moja la kabichi! Akaliinua juu ili watu wauone vizuri ule mpira ninaofungia mfuniko wa betri, kisha akatangaza: "Ndugu wageni waalikwa, tumchangie mhanga huyu bando."

Halafu sinia likazungushwa. Likapita meza ya wazazi wa ubatizo, meza ya kwaya, na meza ya wageni kutoka Arusha ambao hata hawanijui. Na watu walitoa! Mmoja alitoa sarafu ya shilingi 50, mwingine alitoa kijiti cha kuchokolea meno, na shangazi yangu wa damu, ambaye alipougua nilimpeleka KCMC mimi mwenyewe, alitoa shilingi 200 huku akifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge chake cha zambarau.

Mchango wa sherehe hiyo hiyo niliutuma kwa kitochi hicho hicho, kwa kubonyeza *150*00# ya M-Pesa kama Mtanzania mwingine yeyote, na yule yule mwenye sinia ndiye aliyeupokea na kunijibu "Ubarikiwe sana kaka." Siku ya kupokea fedha zangu simu ilikuwa nzima. Laini yangu imesajiliwa kwa alama za vidole kama zenu, tangu lile zoezi la Januari 2020 tulipopangwa foleni kutwa nzima. Serikali inanipata, benki inanipata, na hata wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wananipata kila wiki bila shida yoyote. Mpwa wangu ameniambia kwamba tangu 2022 kundi moja la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024. Pamoja na uwezo wote huo, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kunipigia na kutamka neno moja tu: zambarau.

Hadi sasa kitufe cha namba tano kinateleza kwa mafuta ya mbuzi, na kila ninapobonyeza 5 zinatoka tatu. Sinia, wakuu. Sinia!

Mangi wa Kiborloni

Pole sana, mkuu. Ninakusifu kwa msimamo wako wa kuikataa mitandao ya kijamii, msimamo ambao umetufikia kupitia mtandao, kwa aya saba, tena bila kosa hata moja la tahajia. Swali langu ni moja tu: katika lile sinia zilipatikana shilingi ngapi, na je, uliondoka nazo?

Kitochi wa Rau

Zilikuwa shilingi 3,750 na kijiti. Ndizo ninazolipia hapa.

Mama Pasua

Mimi nilikuwepo, kwa hiyo naomba nishuhudie. Kwanza, njano ile haikuwa ya kawaida. Ilikuwa njano ya kuonekana kutoka Kibosho, na mshereheshaji asingeweza kuipita kimya hata angekuwa padri. Pili, jani lile halikuwa la kabichi, lilikuwa la saladi. Hata hivyo namwonea huruma mleta uzi, kwa sababu sisi tuliomo kwenye lile kundi tuliuziwa kitambaa cha sare kwa shilingi 25,000, wakati madukani kilikuwa 14,000, na aliyetuuzia ni yule yule tunayemjua.

Katibu Mstaafu

Mleta uzi ana bahati asiyoijua. Yeye amezungushwa mara moja, lakini jina langu huzungushwa kila siku saa kumi na mbili asubuhi kwenye orodha ya ahadi za michango, likiwa na duara jekundu, mbele ya shemeji zangu wote, kwa ajili ya harusi ya bwana ambaye sijawahi kumwona. Mtaniambia nijitoe. Ni kweli kwamba siku hizi ukijitoa wanaoarifiwa ni viongozi wa kundi peke yao, lakini viongozi wa kundi letu ni mke wangu na mama mkwe.

Binti Njiro

Afadhali orodha, kwa sababu orodha husomwa kwa sekunde tano. Mwenyekiti wa kamati yetu hutuma ujumbe wa sauti wa dakika saba, ambazo tatu za mwanzo ni salamu na mbili ni jogoo wake anayewika nyuma, na ukikosa kuusikiliza wote huwezi kujua kwamba kikao kimehamishiwa Usa River. Nilifika Sakina peke yangu nikiwa na sufuria ya kiburu.

Kitochi wa Rau

Wakuu, poleni kwa majogoo na maduara, lakini naomba turudi kwenye sinia. Nimesema kwamba lilipita hadi meza ya watu wa Arusha.

Binti Njiro

Watu wa Arusha tumekosa nini tena? Walitoa au hawakutoa?

Kitochi wa Rau

Kijiti kilitoka kwao.

Katibu Mstaafu

Mama Pasua, hebu nifafanulie kuhusu hizo 25,000, maana mke wangu aliniambia kitambaa hicho kilikuwa 40,000 na nikampa.

Mama Pasua

Baba, hapo sina la kusema, muulize kwa upole. Sisi wengine tulilipa 25,000 kwa mita tatu, na mita tatu zenyewe hazikutosha hata mikono mirefu. Nilikaa kanisani mikono wazi na baridi ile ya asubuhi.

Kitochi wa Rau

Kitufe cha namba tano kimekwama kabisa sasa. Je, kuna anayejua namna ya kutoa mafuta ya mbuzi kwenye simu?

Fundi wa Soweto

Mita tatu zinatosha gauni lenye mikono mirefu na kilemba juu yake. Kama hazikutosha, fundi wako amekata humo humo na kitambaa cha mkewe.

Mama Pasua

Fundi wangu ni wewe, na sketi yangu ya Pasaka bado unayo.