Kishikwambi kimoja, wanafunzi 94: nianzie wapi kwenye mada ya umeme, Darasa la Tano?

MwlSayansi_Handeni

Habari za kazi walimu wenzangu. Nafundisha Sayansi na Teknolojia Darasa la Tano, shule ya serikali, huku Handeni vijijini. Darasa lina watoto 94, wanakaa watatu dawati moja, na wa nyuma kabisa wananisikia lakini ubaoni hawaoni vizuri.

Nina kishikwambi, ni vile tulivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022. Hadi leo nakitumia kusomea vitabu vya Taasisi ya Elimu kwenye maktaba mtandao na kuandaa maandalio ya somo. Projekta hatuna. Sola ipo ofisini tu. Mtandao unashika vizuri uwanjani, ukiingia darasani unayumba.

Wiki ijayo naanza umeme, saketi rahisi (njia kamili ya umeme kutoka betri hadi balbu na kurudi). Kila ninayemwuliza ananiambia "tumia programu za elimu, zipo nyingi za bure". Nimezipakua kadhaa. Nyingi ni video, au maswali ya kuchagua kwa Kiingereza, na watoto wangu wanasoma kwa Kiswahili. Nikiwaonyesha video kwenye kioo hiki kidogo, dawati la mbele litafurahi na madawati mengine yote yatapiga kelele. Mwenzangu mmoja ananitia moyo kwamba majaribio yaliyofanyika hapa Tanga yameshaonyesha kishikwambi kinafundisha hata bila mwalimu, nisiwe na hofu.

Naomba mnisaidie kwa mambo ya darasani hasa. Kipindi ni dakika 40. Nifanye nini na kifaa kimoja ili mtoto wa dawati la mwisho naye ajifunze? Nawapenda hawa watoto na sitaki kuwapa maonyesho tu.

---

Msomaji_Korogwe

Mwalimu, pole na kazi. Hilo la majaribio ya Tanga nalifahamu kidogo, nilikuwa huku wakati ule.

Yalikuwa mashindano ya Global Learning XPRIZE. Timu tano zilizofika fainali, programu zao ziliwekwa kwenye vishikwambi vya Pixel C vilivyotolewa na Google, vikagawiwa watoto karibu 3,000 katika vijiji kama 170 vya mkoa wetu, kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa miezi 15. Vijijini kulijengwa vituo vya kuchajia kwa sola. Mwaka 2019 timu mbili kati ya hizo, Kitkit School na onebillion, zikagawana zawadi kuu ya dola milioni 10. Na kweli watoto waliendelea: mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu.

Ila angalia mazingira yake. Kila mtoto alikuwa na kishikwambi chake mwenyewe, nyumbani, masaa anayotaka. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuhudhuria shule. Kilichofundishwa ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Wewe una kifaa kimoja, watoto 94, na mada ya saketi. Yale matokeo ni mazuri na nayaheshimu, lakini yanajibu swali jingine. Hata kule nusu ya wale wasiojua neno walibaki hivyo hivyo baada ya miezi 15, kwa hiyo anayesema mwalimu hahitajiki hajasoma matokeo yote.

---

Fizikia_Njombe

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mdogo kwako kikazi, nafundisha Fizikia sekondari, lakini mada hii naipenda mno na nimeifundisha kwa simu moja tu, ya kwangu. Naomba niandike kwa kirefu.

Kanuni yangu ni hii: skrini isionyeshe kitu ambacho mtoto anaweza kukishika mkononi. Betri ya redio anaweza kuishika. Balbu ya tochi anaweza kuishika. Waya anaweza kuuchuna mwenyewe na kuufunga. Ukimwonyesha balbu ikiwaka ndani ya kioo wakati balbu yenyewe inauzwa dukani, umemnyima kitu. Kazi ya programu inaanza pale jicho linapokwama: nini kinapita ndani ya waya, kinapita kuelekea wapi, kinapungua au hakipungui. Hapo hakuna balbu ya dukani itakayokusaidia, na hapo ndipo kishikwambi kinastahili nafasi.

Programu ninayoitumia ni ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado. Walianza 2002, mwanzilishi wake ni Carl Wieman aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia 2001. Ni za bure, na baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Kwenye tovuti yao chagua ile ya kujenga saketi ya mkondo mnyoofu (DC), bonyeza alama ya kupakua, itashuka kama faili moja. Fanya hivyo ukiwa uwanjani mtandao unaposhika. Baada ya hapo inafunguka kwenye kivinjari bila bando hata kidogo. Unaburuta betri, waya, balbu na swichi, unaviunganisha, na vidoti vya elektroni, yaani chembe ndogo zinazobeba umeme, vinaanza kutembea ndani ya waya. Hata pasipo Kiswahili, maneno yake ni machache mno, mtoto hahitaji kusoma kitu.

Sasa darasani. Usianze na kishikwambi. Anza na swali ubaoni. Chora betri moja na balbu mbili zinazofanana, moja baada ya nyingine kwenye waya uleule. Uliza: ipi itang'aa zaidi?
A – iliyo karibu na ncha chanya.
B – iliyo karibu na ncha hasi.
C – zote sawa.

Nakuhakikishia A itapata kura nyingi. Watoto wanaamini umeme unafika kwenye balbu ya kwanza, "unaliwa" kiasi, kisha kinachobaki kinakwenda kwa ya pili. Imani hiyo ina mantiki, na ndiyo maana kuwaambia tu kwamba si kweli hakuing'oi. Nimefundisha vijana wa Kidato cha Tatu waliofaulu mtihani wa Darasa la Saba na bado wanayo kichwani.

Wape kura, kisha mwambie kila mmoja amshawishi jirani yake wa dawati. Dakika tatu za kubishana. Piga kura tena. Utaratibu huu si wangu, Eric Mazur wa Harvard aliueneza miaka ya 1990 na vyuo vingi vinautumia, lakini unafaa zaidi pale ambapo watoto ni wengi na vifaa ni haba, kwa sababu kazi inafanyika vichwani na midomoni mwao.

Baada ya kura ya pili, washa balbu zenyewe, za kweli. Zote zinang'aa sawa. Kelele utakayoisikia hapo ni kelele njema, usiizime haraka. Ndipo wanauliza "kwa nini?", na sasa kishikwambi kina sababu ya kutoka mkobani. Zungusha dawati kwa dawati, au ita viongozi wa madawati watano watano. Waonyeshe vidoti: wingi wake kabla ya balbu ya kwanza, kati, na baada ya balbu ya pili. Vinatembea kwa kasi ileile kote. Hakuna kilicholiwa. Balbu inapokea nishati, elektroni zenyewe zinaendelea na safari kurudi kwenye betri. Kiongozi akirudi dawatini aeleze wenzake na kuwachorea daftarini.

Kwa kupigia kura kuna Plickers, naipenda sana. Simu moja tu ya mwalimu. Kila dawati linapewa karatasi yenye mchoro mweusi wa mraba, na kila upande wa mraba una herufi yake. Wanaigeuza ili jibu lao liwe juu, wanainua, wewe unapitisha kamera ya kishikwambi darasa zima na majibu yanajihesabu. Michoro haifanani, hivyo dawati la jirani haliwezi kuiga. Seti ya kawaida ina kadi 40. Kwa madawati yako 32 zinatosha na kubaki. Chapisha kwenye karatasi ya kawaida, usiilamineti ile ya kung'aa, kamera inasumbuka na mwako wa dirisha. Plickers inahitaji mtandao, ila haina video, bando haliliwi sana. Mtandao ukigoma: vidole kifuani, kimoja ni A, viwili B, vitatu C, macho yamefumbwa.

Nyongeza, hii si ya Darasa la Tano lakini walimu wa sekondari wakipita hapa waione: programu ya phyphox, ya Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, tangu 2016, bure, haihitaji intaneti. Inatumia vihisio vya simu. Ina saa ya kupimia inayoanza kwa mlio mmoja na kusimama kwa mlio wa pili. Weka kitu kizito kwenye ncha ya rula inayotokeza nje ya meza, mita 1.25 kutoka sakafuni, gonga rula, kitu kinaanguka na kugonga sakafu. Milio miwili, na muda unakaribia sekunde 0.5. Unazidisha kimo mara mbili, unagawa kwa muda uliojizidisha, unapata takriban 9.8 au 10. Kwa saa ya mkono huwezi, kidole cha binadamu kinachelewa karibu theluthi au nusu ya muda wote wa anguko lenyewe. Vijana wangu wanaliamini g (kiasi cha mvutano wa dunia, hiyo 9.8) sasa kwa sababu wamelisikia likipimwa.

---

Mwalimu_Kilifi

Salamu kutoka pwani ya Kenya. Naunga mkono hilo la kubishana kabla ya kugusa.

Sisi tulipata tableti za wanafunzi kupitia mradi wa DigiSchool ulioanza kusambaza 2016, pamoja na projekta, seva ya masomo na kompyuta za walimu. Vifaa tunavyo, ila havijawahi kutosha mtoto mmoja kwa kimoja, na vingine vimekufa betri. Kwa hivyo nina uzoefu wa watoto watatu kwa tableti moja, na nitakueleza lililonisaidia: kila mtoto awe na kazi yenye jina. Mmoja ni kidole, yeye pekee ndiye anayegusa. Wa pili ni mdomo, anasema kinachofuata na kidole hakisogei bila yeye kusema. Wa tatu ni kalamu, anaandika walichotabiri na walichoona. Nikipiga makofi wanabadilishana. Bila mpango huo, mtoto mwenye simu kwao nyumbani anashika kifaa kipindi kizima, na mara nyingi ni mvulana. Wasichana wangu wa Gredi ya 5 walikuwa wakitazama tu begani. Sasa hawatazami.

Ukiita viongozi watano watano kuja kwa kishikwambi chako, wabadilishe kila kipindi. Asiwe kiongozi yule yule hadi mwisho wa muhula.

---

Fundi_Vifaa_Tanga

Mimi si mwalimu, natengeneza simu na kompyuta. Ya kiufundi, kwa ufupi.

Kabla ya kipindi weka hali ya ndege, maana ujumbe wa WhatsApp ukidondoka katikati ya somo darasa lote linahama. Kama unaitaka Plickers, acha mtandao lakini zima arifa. Kwenye mipangilio ya usalama ya Android kuna kubandika programu: ukiiwasha, mtoto hawezi kutoka kwenye saketi akaingia kwenye picha zako bila namba yako ya siri. Mwanga wa kioo ndio unaokula chaji, punguza ukiwa hukionyeshi.

Na mkipata hata kompyuta mpakato kuukuu moja shuleni, nitafuteni au mtafuteni fundi yeyote aweke Kolibri, programu ya masomo ya Learning Equality. Masomo yanaingizwa kwa flashi, kompyuta inayarusha kwa waifai yake yenyewe, vishikwambi vya walimu wote wa shule vinasoma kutoka hapo bila intaneti. Mna walimu wangapi wenye kishikwambi? Wakikubali kuazimana kwa kipindi kimoja, mwalimu wa Sayansi hana tena kifaa kimoja.

---

Mama_Wawili

Samahani walimu, mimi ni mzazi tu. Mwanangu akirudi akasema "leo tumetumia kishikwambi" huwa naingiwa na wasiwasi, maana shule inatukataza kuwapa simu na nyumbani nasi tunawakataza. Naomba mnapofanya haya mtueleze kwenye kikao cha wazazi. Hayo ya betri na balbu nimeyasoma yote na ningefurahi mwanangu ayafanye.

---

MwlSayansi_Handeni

Marahaba mwanangu wa Njombe, na asanteni wote. Mama, umesema la haki; kikao kipo mwisho wa mwezi, nitaomba kwa mwalimu mkuu dakika chache niwaonyeshe wazazi swali lile la balbu mbili na wao wapige kura.

Nimeshapakua ile ya saketi hapa uwanjani, inafunguka bila mtandao. Walimu wenye vishikwambi tupo saba. Nimeongea na watatu, wamekubali kuniazima kipindi cha Jumatano kwa sharti la kuvifunga kama fundi alivyosema. Kwa hiyo nitakuwa na vinne: madawati manane kwa kila kimoja, nitaweka kimoja kila pembe ya darasa na madawati yatakuja kwa zamu wakati wengine wanaunganisha betri na balbu zao. Kidole, mdomo, kalamu nimelichukua lilivyo.

Swali moja limebaki kwa Njombe. Balbu za tochi nimepata kumi tu dukani, na haziwaki sawa, moja ina mwanga hafifu kuliko nyingine hata ukiiwasha peke yake. Watoto watasema A ni sahihi.

---

Fizikia_Njombe

Ni kweli watasema hivyo, mwalimu, na hilo ni zuri. Zipange mwenyewe kesho, kila moja peke yake kwa betri ileile, utenge zinazolingana wawili wawili. Jozi utakazopata zitumie kwa jaribio. Halafu ile hafifu ilete makusudi mwishoni: iweke karibu na ncha chanya, wapige picha daftarini kwa kuchora, kisha badilishana nafasi za balbu. Kama umeme "unaliwa" na ya kwanza, tofauti ya mwanga itabaki palepale ilipokuwa. Kama tatizo ni la balbu, tofauti itahama nayo. Waache watabiri kwanza. Kishikwambi hapo kizime kabisa.