Mjadala: Je, China imerithi lawama ya Japani katika vibanzi vya mbao?

Mtoa hoja: Inadaiwa kwamba China, kwa kuwa imeipita Japani katika kuagiza vibanzi vya mbao (vipande vidogo vya mti vinavyopondwa kuwa rojo la kutengenezea karatasi), ndiyo inayostahili kubeba lawama ya miti inayokatwa kwa ajili ya karatasi. Napinga dai hilo, na ninaanza na historia.

Japani ilianza kusafirisha vibanzi kwa meli zilizoundwa mahususi kwa kazi hiyo katikati ya miaka ya 1960, kwanza kutoka pwani ya magharibi ya Marekani, kisha kutoka Australia, na kwa miongo kadhaa hakuna mnunuzi mwingine aliyeikaribia. Katika miaka ya 1990 China yenyewe ilikuwa ikiiuzia Japani vibanzi, jambo ambalo wanaoanza grafu zao mwaka 2010 hawalioni kamwe. Mkondo uligeuka kuelekea mwisho wa muongo uliofuata, viwanda vikubwa vya rojo la karatasi vilipokuwa vimejengwa katika majimbo ya China ya Hainan na Shandong, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 2010 China ilikuwa mbele.

Mstari wa Japani katika grafu hizo unaposhuka, tusiusome kama toba. Uzalishaji wake wa karatasi ulifika kileleni mwaka 2000, kwa takriban tani milioni 32, ukapungua kadiri magazeti yalivyokosa wasomaji. Msukosuko wa uchumi wa 2008 ukaongeza kasi ya anguko. Isitoshe, Wachina ni zaidi ya mara 11 ya Wajapani kwa idadi, kwa hiyo hata China ingeagiza maradufu, Mjapani mmoja bado angekuwa ametumia vibanzi vingi zaidi kuliko Mchina mmoja.

Mchangiaji: Hesabu ya kiasi kwa kila mtu inafaa katika kugawana haki, lakini shamba la miti halijui idadi ya watu walio ng'ambo, linajua tani zinazoondoka. Nchini Vietnam, ambayo sasa inaziuzia China na Japani, wakulima wengi wadogo hukata miti ya akasia ikiwa na miaka minne hadi sita, kabla haijafaa kwa mbao za samani, kwa sababu mnunuzi wa vibanzi yupo na analipa leo. Hamu iliyoongezeka ndani ya miaka 15 ni ya China, na ndiyo inayouhimiza ukataji huo.

Mtoa hoja: Kuhusu akasia nakubali, na ni hoja nzito kuliko yangu ya idadi ya watu. Lakini ongezeko hilo nalo lina chanzo. China ilisitisha ukataji wa kibiashara katika misitu yake ya asili, kisha tangu Januari 2021 ikazuia karatasi taka kutoka nje. Nyuzi za kutengenezea karatasi zilizokuwa zikiingia kama magazeti makuukuu zililazimika kutafutiwa mlango mwingine, na vibanzi ni mmoja tu. Mwingine, mpana zaidi, ni rojo lililokwisha kutengenezwa. Tani moja ya rojo la kemikali hula takriban tani mbili za mbao kavu, ilhali katika takwimu za uagizaji wa vibanzi mbao hizo hazionekani kabisa. Anayetaka kuilaumu China kwa haki ajumlishe rojo hilo pia, ingawa nakiri kwamba jumla hiyo itanielemea mimi kuliko yeye.