Labour waliigeuza Wales shamba la bibi, leo wanauliza mavuno yako wapi!

Wakuu, nimerudi kazini saa tano usiku, hata viatu sijavua, nakuta karatasi ya kampeni ya Labour, chama kikubwa cha siasa cha Uingereza, imedumbukizwa mlangoni. Jamaa kavaa tai nyekundu, rangi ya chama, anatabasamu, eti wako upande wetu. Nimeichana vipande vinne. Kuchana hakujatosha, ngoja niandike. Mnivumilie.

Kwa wasionijua: niko Wales tangu 2022, jimbo la Caerphilly, bonde la mto Rhymney. Nabeba boksi, yaani nahudumia wazee majumbani kwao: kuogesha, dawa, chai, kubadilisha shuka, halafu mbio nyumba inayofuata. Na ndiyo, napiga kura. Kwa Bunge la Wales, Senedd, sheria ya 2020 inamruhusu mgeni yeyote anayeishi hapa kihalali kupiga kura, na vijana kuanzia miaka 16. Kwa hiyo atakayekuja kuuliza siasa za wazungu zinanihusu nini, apite kimya. Na wale wa kuniburuza kwenye siasa za nyumbani, fungueni uzi wenu.

Labour imeshika nafasi ya kwanza Wales kwenye kila uchaguzi mkuu wa Uingereza tangu 1922. Miaka mia na ushee, bila kukosa hata mara moja. Bunge hilo la Wales, lililoko Cardiff, lilipoanza 1999, baada ya kura ya maoni ambayo "Ndiyo" ilipenya kwa asilimia 50.3 tu, kiti cha Waziri Kiongozi wa Wales kikawa chao tangu siku hiyo hadi kuelekea uchaguzi wa Mei 2026. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule amekua hadi kupata watoto wake bila kuona mtu wa chama kingine kwenye kile kiti. Ukivuna shamba miaka yote hiyo bila kulipalilia, unazoea kudhani linajilima lenyewe.

Oktoba 23, 2025 tukawa na uchaguzi mdogo wa kiti cha Senedd hapa. Nilikwenda asubuhi kabla ya kazi, pasipoti mkononi, kwa sababu kwenye uchaguzi wa Bunge la London lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha. Mama wa kituoni akaiona, akacheka, akaniambia weka tu mfukoni, kwa Senedd hatudai. Penseli imefungwa kamba kama kalamu za posta zetu. Nikaweka alama kwa Plaid Cymru, chama cha wazalendo wa Wales. Siwezi kusema niliipenda sera yao moja baada ya nyingine. Nilikuwa nakimbia moto, na mlango uliokuwa wazi ulikuwa ule.

Matokeo: Plaid asilimia 47, Reform UK ya Nigel Farage, wale wanaopinga wahamiaji, 36, Labour 11. Kumi na moja! Mwaka 2021 walipata 46 kwenye jimbo hilihili. Conservative, waliotawala London kabla ya Labour, wakaambulia 2, na hao sina haja ya kuwaongelea sana. Wales iliwapa wabunge 14 wa Bunge la London mwaka 2019, ikawanyang'anya wote 2024, wakabaki na sifuri. Wameshapewa stahili yao.

Sasa nataka niwaeleze kuhusu mzee mmoja ninayemhudumia, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha hasira hii inatoka wapi. Mimi nilidhani ni bei ya gesi na foleni za hospitali. Ana miaka 78, amefanya kazi kwenye makaa ya mawe tangu ujanani, mapafu yamekwisha, akipanda ngazi anasimama katikati kama mtu aliyesahau kitu. Kadi ya chama cha wafanyakazi ya baba yake iko kwenye fremu ukutani. Maisha yake yote alipigia Labour. Mke wake alikuwa anatania kwamba hata nguruwe akifungwa utepe mwekundu mumewe atampigia.

Yeye alikuwa miongoni mwa wachimbaji vijana waliokwenda Aberfan, bonde la jirani. Kwa msiojua: Oktoba 21, 1966, lundo la mabaki ya mgodi lililorundikwa juu ya kijiji lilishuka baada ya mvua, likafunika shule ya msingi. Walikufa watu 144, watoto wakiwa 116. Dunia nzima ikachanga pesa kwa ajili ya wafiwa. Halafu serikali ya Labour ya wakati ule ikachukua pauni 150,000 kutoka kwenye rambirambi hizo kugharimia kuondoa malundo yaliyobaki. Rudieni hapo msome tena. Wazazi wamezika watoto, na mchango wa msiba ukatumika kusafisha uchafu wa shirika la serikali. Pesa hiyo ilirudishwa 1997, pauni 150,000 zilezile, bila riba, miaka thelathini baadaye. Serikali ya Wales ilikuja kuongeza milioni 2 mwaka 2007, lakini mzee hiyo haihesabu. "Walirudisha kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima," ndivyo aliniambia, na hata hivyo akaendelea kuwapigia. Alisema mtu haachi familia yake kwa sababu ya mjomba mmoja mwizi.

Kilichomwondoa ni majira ya baridi ya 2024. Wameingia madarakani London Julai, kufika mwezi huohuo wanatangaza kuwanyima wazee walio wengi ile posho ya kupasha nyumba joto, pauni 200 hadi 300. Mwaka uliofuata wakarudi nyuma wakawarejeshea wengi wao, lakini ile baridi ilikuwa imeshapita. Mimi ndiye niliyekuwa namkuta saa moja asubuhi amelala na koti na kofia. Nikishika radieta, baridi kama jiwe la mtoni. Wakati huo Wales ilikuwa imewapa viti 27 kati ya 32 vyake vya Bunge la London, kwa asilimia 37 tu ya kura, na wakayaita hayo ushindi wa kishindo.

Halafu Port Talbot, mji wa chuma hapa Wales. Septemba 30, 2024 tanuru la mwisho la kuyeyusha chuma likazimwa, ajira kama 2,000 zikaondoka mji ule, na tukaambiwa hakuna jinsi. Aprili 2025 kiwanda cha chuma cha Scunthorpe kikatishia kufunga, wabunge wakaitwa kutoka likizoni wakakaa Jumamosi kupitisha sheria ya kukiokoa. Scunthorpe iko England. Hapo hata watoto wa shule wa huku walielewa. Na HS2, reli ya mwendo kasi ya England, haigusi ardhi ya Wales hata mita moja, inahesabiwa kuwa mradi wa "England na Wales", kwa hiyo ule mgawo wa fedha ambao Wales hupata England inapojijengea kitu chake, hapa hakuna. Labour wakiwa upinzani walipiga kelele kuhusu jambo hili. Walipoingia wakatoa milioni 445 za reli kwa miaka kumi, na kelele zikaisha.

Na sisi weusi tuna kidonda chetu cha pembeni. Machi 2024 Vaughan Gething, mzaliwa wa Zambia, akawa Waziri Kiongozi, mtu mweusi wa kwanza kuongoza serikali ya nchi yoyote ya Ulaya. Kwenye grupu letu la WhatsApp tulishangilia kama kaoa dada yetu. Kumbe kampeni yake ndani ya chama ilipokea pauni 200,000 kutoka kampuni ya mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa makosa ya mazingira. Akang'ang'ania kwamba sheria haikuvunjwa. Juni Bunge likapiga kura ya kutokuwa na imani naye, 29 kwa 27, Julai akajiuzulu. Niliona aibu kazini kana kwamba mimi ndiye niliyezipokea.

Labour wakaona Reform inapanda, dawa yao ikawa kuwaiga. Mei 2025 Keir Starmer, Waziri Mkuu wa Labour, akasimama kuzungumzia wahamiaji, akasema nchi inaweza kuwa kisiwa cha watu wasiojuana. Baadaye akajutia kauli. Julai wakafunga mlango wa kuajiri wahudumu wa wazee kutoka nje. Novemba wakaleta mapendekezo kwamba wahudumu kama mimi tusubiri miaka 15 kupata makazi ya kudumu badala ya mitano. Mimi nilikuwa nahesabu 2027! Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Jembe nimelishika mwaka wa nne, mikono ina sugu, sasa ndiyo naambiwa mimi ni mgeni zaidi ya nilivyokuwa siku ya kwanza.

Jirani yangu ni Reform, bango liko dirishani. Huyuhuyu hunitolea pipa la taka Jumatano nikiwa kazini. Nikamuuliza, unajua Farage anataka kufuta kabisa makazi ya kudumu ya watu kama mimi? Akanijibu, "Si wewe, wewe unafanya kazi." Nikamtajia Nathan Gill, aliyewahi kuongoza Reform hapa Wales, aliyefungwa miaka kumi na nusu kwa rushwa ya kusema mazuri ya Urusi. Akainua mabega: "Wote wezi, bora mwizi mpya." Sikuwa na jibu. Bado sina.

Mei 7, 2026 tunapiga tena kura ya Senedd, na mfumo wenyewe wameubadilisha. Wabunge kutoka 60 hadi 96, na hutachagua mtu, unachagua chama, chama ndicho kinapanga majina. Yaani watu wamechoka na vyama, jibu ni karatasi isiyokuruhusu kumkataa mtu! Mimi hapo ndipo niliposhindwa kabisa.

Wiki iliyopita nikiwa kwa mzee namlisha supu, mlango ukagongwa. Kijana wa Labour, mpole, amelowa na mvua, anauliza kama wanaweza kumtegemea safari hii. Mzee akaniomba nimsogeze na kiti chake hadi mlangoni. Akamuuliza swali moja: zile pesa za Aberfan mlizirudisha mwaka gani? Kijana akatoa simu, akaanza kutafuta. Tukasubiri. Upepo unaingia, karatasi zake zinalowa.

Mzee akanigeukia, akaniita mwanangu kwa Kiwelshi: "Funga mlango, bach, joto linatoka."